Barua Zilizotangulia Kifusi: Habari za Aberfan



Wanapokutana wazazi wa Kiswahili katika miji ya Uingereza, iwe arusini, matangani au mbele ya mlango wa skuli saa tisa alasiri, mazungumzo hayakosi kufika hapa: ile bembea ya bustani ya mtaani mnyororo wake umelika, au ule ua wa njia ya reli umeachia uwazi ambao mtoto wa miaka 6 anapita bila ya kuinama, au dirisha la ngazi za jengo, ghorofa ya 8, halina kitasa. Kila mmoja ameshakiona kitu hicho, na kila mmoja ameshamkanya mwanawe asipite pale. Aliyepeleka habari kwa wahusika, mara nyingi, hakuna. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa kwamba nchi hii ina wenyewe, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Hatuwacheki wanaosema hivyo. Mtu ambaye karatasi zake bado ziko juu ya meza ya mtu mwengine ana sababu ya kuyapima maneno yake. Lakini ndani ya jawabu hilo imejificha dhana moja ambayo tumeonelea tuichungue katika toleo hili, nayo ni kwamba wenyeji wakisema husikilizwa. Kwa hivyo tunakuleteeni habari za kijiji cha Aberfan, huko Wales. Watu wake walikuwa wenyeji hasa. Walikuwa na kura, na diwani, na mbunge, na chama cha wafanyakazi chenye nguvu. Hatari waliiona, na wakaisema, tena kwa maandishi.

Aberfan ni kijiji kidogo katika bonde la mto Taff, kilomita kama 6 kusini ya mji wa Merthyr Tydfil. Kilizaliwa na mgodi. Mwaka 1869 tajiri mmoja aliyeitwa John Nixon alianza kuchimba shimo la Merthyr Vale, na nyumba za wachimbaji zikapangwa safu safu ubavuni mwa mlima. Makaa ya mabonde haya yalisifika kwa kuwaka bila ya moshi mwingi, na ndiyo yaliyoziendesha meli za Kiingereza pande zote za dunia. Makaa ya mawe yaliyokuwa yakirundikwa bandarini Aden, babu zetu wakiyaona kila walipopita, mengi yake yalitoka Wales. Na wale Wasomali na Wayemeni waliokuwa wakiyatia katika matanuri ya meli ndio waliojenga mitaa ya mwanzo ya Waislamu katika bandari ya Cardiff, kilomita 30 na kidogo kutoka Aberfan. Si mbali na sisi, basi, kama ramani inavyoonesha.

Anayechimba makaa hutoa pia mawe na udongo mwingi usio na kazi, na taka hiyo lazima iwekwe mahali. Ilipojaa ardhi ya bondeni, ikapandishwa mlimani kwa mitambo na kumwagwa juu, upande ule ule wa mto uliokuwa na kijiji. Kikajengeka kifusi, kikaachwa, kikaanzwa chengine. Kufikia mwaka 1966 vilikuwa 7, na watu waliviita kwa nambari tu. Kifusi cha 7 kilianzwa mwaka 1958, juu kabisa ya skuli ya msingi ya Pantglas.

Mahali kilipoanzwa pana chemchemi. Hili si jambo lililogunduliwa baada ya msiba. Chemchemi na kijito chake vilichorwa katika ramani za serikali zilizokuwa zikiuzwa madukani, na wenyeji walivijua kwa macho yao. Hakuna aliyekwenda kupima udongo kabla ya kumwaga toroli la kwanza. Tena kifusi hicho hakikuwa cha mawe matupu. Ndani yake mlitiwa pia unga laini unaobakia baada ya makaa kusafishwa, ambao ukikauka ni vumbi na ukilowa ni uji. Sasa chukua sufuria ya uji, iinamishe, kisha ufungulie maji chini yake.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa kifusi kutembea. Mwezi wa Desemba 1939, huko Cilfynydd, chini kidogo ya bonde hilo hilo, kifusi cha mgodi kiliporomoka kikaziba barabara na mto. Hakufa mtu. Kampuni iliyomiliki mgodi ule iliandika waraka wa kueleza sababu zake na namna ya kuzuia yasitokee tena, na waraka huo ukabakia katika makabati. Mwaka 1944 kifusi cha 4 cha Aberfan kwenyewe kiliteleza, kikasimama kabla ya kufika kijijini. Mwaka 1963 kifusi cha 7 nacho kikaanguka sehemu. Mlima ulishasema mara tatu.

Tuje sasa kwenye karatasi, maana hapa ndipo tunapotaka kukaa.

Tokea mwaka 1947 migodi yote ilikuwa mali ya taifa, chini ya Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe. Kiangazi cha 1963 mhandisi wa halmashauri ya mji wa Merthyr Tydfil aliiandikia Bodi barua. Kichwa cha barua hiyo kilitaja hatari, kikataja tope la makaa, na kikataja kwamba tope hilo linamwagwa nyuma ya skuli za Pantglas. Ndani yake alieleza kuwa yeye ana wasiwasi mkubwa, na kwamba madiwani na wakaazi wana wasiwasi ule ule, kwa kuwa walishaona jinsi mvua kubwa inavyolisukuma tope hilo kuja kwa watu na mali zao. Tumeisoma habari ya barua hiyo zaidi ya mara moja na hatuoni alichokisahau. Kitu chenyewe kimo, mahali pamo, wanaohatarishwa wamo, sababu ya kuogopa imo.

Bodi ikajibu kwa adabu. Ikasema nayo haipendi kuendelea kumwaga tope mlimani kwa muda mrefu, na kwamba njia nyengine inatafutwa. Jawabu hilo lilikuwa juu ya tope. Juu ya kifusi chenyewe, mlima wa taka uliokuwa ukiongezeka kila siku ya kazi, hapakuwa na neno. Mawasiliano yakaendelea kidogo, kisha yakafifia kama zinavyofifia barua za ofisi: mmoja anadhani mwenziwe ameshughulika, mwengine anadhani jambo limekwisha kwa kuwa hakuna aliyeuliza tena.

Mwezi wa Januari 1964, katika kikao cha kamati ya mipango ya mji, diwani mmoja mwanamke, Gwyneth Williams, alisimama akasema kwamba wanasumbuliwa na mafuriko ya tope, na kwamba kifusi kikisogea kinaweza kuihatarisha skuli nzima. Maneno hayo yaliandikwa katika gazeti la mji. Mwaka 1965 kina mama wawili walikusanya saini za wazazi juu ya maji machafu yaliyokuwa yakiingia karibu na skuli, wakampelekea mwalimu mkuu, naye akaifikisha karatasi hiyo kwa halmashauri.

Tuzingatie basi: mhandisi, diwani, mama, mwalimu. Kila mmoja alisema kutoka pale aliposimama, na kila mmoja alisema kile alichokiona. Waswahili tuna methali ya ufa na ukuta, na tunaipenda sana, lakini methali hiyo inamzungumzia mtu mwenye nyumba yake. Ufa wa Aberfan ulikuwa wa mtu mwengine. Kina mama wale hawakuwa na ruhusa ya kuuziba. Uwezo wao ulikuwa kumwita mwenye nyumba, nao walimwita.

Kwa nini hakuitika? Majibu ni zaidi ya moja. La kwanza ni la kiofisi, nalo ni la ajabu. Katika Bodi, vifusi vilikuwa chini ya wahandisi wa mashine, kwa sababu taka ilipandishwa mlimani kwa mashine. Watu hao walijua kamba, magurudumu na mota. Udongo, maji na uzito wa mlima havikuwa fani yao, na hakuna aliyewaambia kuwa ni kazi yao. Sheria ya migodi ya mwaka 1954, yenye vifungu vingi juu ya usalama wa mchimbaji akiwa chini ya ardhi, haikumlazimisha yeyote kuhakikisha kuwa kifusi kilichoko juu ya ardhi kitasimama. Kwa hivyo barua ilipofika, haikuwa na meza ya kukaa.

Jibu la pili ni chungu zaidi, na linatuhusu sisi wageni kuliko wote. Merthyr Tydfil ya miaka ya 1930 ilikuwa mji wa watu wasio na kazi, na waliokuwa watoto wakati huo ndio waliokuwa wazazi na babu mwaka 1963. Katika miaka ya 1960 Bodi ilikuwa ikifunga mgodi baada ya mgodi. Mbunge wa Merthyr, S. O. Davies, mzee aliyekuwa bungeni tokea mwaka 1934, aliiambia tume ya uchunguzi baadaye kwamba alikuwa na shaka kwa muda mrefu kuwa kifusi kinaweza kusogea, na kwamba hakupiga kelele kwa kuhofia mgodi usije ukafungwa. Tume haikuyachukua maneno yake moja kwa moja. Ilijiuliza kama kweli alikuwa na shaka nzito kiasi hicho. Sisi tunayaamini, angalau kwa sehemu. Katika kijiji ambacho baba, mjomba na kaka wote wanakula kutoka shimo moja, nani angetaka kuwa mtu aliyelifunga? Ule unyonge wa kupima kila neno kwa mizani ya mkate, ambao tunadhani ni wa wageni peke yao, ulikuwa umekaa pale Aberfan miongoni mwa watu waliozaliwa hapo.

Ijumaa tarehe 21 Oktoba 1966 ilikuwa siku ya mwisho kabla ya likizo fupi ya katikati ya muhula. Kulikuwa na ukungu mzito bondeni, na juu ya mlima jua lilikuwa linawaka. Saa moja na nusu asubuhi wafanyakazi waliofika kileleni walikuta kifusi kimezama kama mita 3. Hapakuwa na simu huko juu. Waya wake ulikuwa ukiibwa mara kwa mara na simu ikaondolewa. Mtu mmoja akateremka kwa miguu kwenda kutoa habari. Alipopanda tena na amri ya kusimamisha kazi, kifusi kilikuwa kimezama maradufu. Tume baadaye iliona kwamba hata simu isingewaokoa watoto, kwa vile muda ulishakuwa mfupi mno.

Saa tatu na robo kifusi kiliachia. Walioko bondeni hawakukiona kwa sababu ya ukungu. Walisikia mngurumo tu, wengine wakidhani ni ndege inaanguka. Takriban mita za ujazo 40,000 za tope jeusi zilivuka tuta la reli ya zamani zikaingia kijijini, zikaifunika skuli ya Pantglas na nyumba zilizokuwa karibu nayo. Watoto walikuwa ndiyo kwanza wamekaa madarasani. Wachimbaji walitolewa chini ya ardhi na kuja kuchimba juu, wengine wakiwachimba watoto wao wenyewe. Baada ya saa tano asubuhi hakutolewa tena mtu aliye hai. Waliokufa ni 144, na kati yao 116 ni watoto, wengi wao wa miaka 7 mpaka 10. Walimu 5 wa skuli ile walikufa pamoja nao, na mwalimu mkuu aliyeipokea karatasi ya kina mama ni mmoja wao.

Hatutasema mengi zaidi juu ya siku hiyo. Kitu kimoja tu: katika kikao cha kuthibitisha vifo, yalipokuwa yakisomwa majina na sababu ya kila kifo kwa lugha ya kidaktari, baba mmoja alisimama akakataa. Akataka iandikwe kwamba mwanawe amezikwa hai na Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe.

Mwenyekiti wa Bodi, Lord Robens, siku ya msiba hakuja. Alikwenda kwanza kusimikwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Surrey, akafika Aberfan kesho yake jioni. Kisha akawaambia waandishi wa habari kwamba chemchemi iliyokuwa chini ya kifusi haikuwa ikijulikana. Fikiria kuyasikia hayo ukiwa ni mtu uliyekulia pale.

Serikali iliunda tume chini ya Jaji Edmund Davies, mwenyewe mzaliwa wa mabonde hayo. Ilikaa siku 76 na kusikiliza mashahidi 136. Kwa muda mrefu wa kikao hicho Bodi ilikana kwamba msiba ungeweza kuonekana kabla, na kwa hivyo siku nyingi zilipotea katika kuthibitisha mambo ambayo kina mama walishayaandika kwenye karatasi ya mtaani. Ripoti ilitoka mwezi wa Agosti 1967. Iliiweka lawama ya kisheria juu ya Bodi, ikawataja wafanyakazi wake 9 kwa viwango mbali mbali vya lawama, na ikasema kwa ufupi kwamba msiba haukuletwa na ubaya wa roho bali na ujinga, uzembe na habari kutofika panapohusika. Hakuna aliyeshitakiwa. Hakuna aliyefukuzwa kazi. Lord Robens alitoa barua ya kujiuzulu na serikali ikaikataa.

Juu ya fedha tutapita haraka, maana zinatia hasira. Bodi ilianza kwa kuwapa wazazi pauni 50 kwa kila mtoto aliyekufa, kisha ikapandisha zikawa 500. Watu wa kawaida kutoka kila pembe ya dunia walichanga kama pauni milioni 1.75 katika mfuko wa msiba. Wakati huo huo vifusi vilivyobakia vilikuwa bado viko juu ya vichwa vya watu, na serikali ikisema ni salama. Wanakijiji hawakuandika barua tena. Walikwenda Cardiff na kumwaga taka ya mgodi ndani ya ofisi ya Waziri wa mambo ya Wales. Ndipo ikakubaliwa kwamba vifusi vitaondolewa, lakini kwa sharti kuwa mfuko wa msiba uchangie pauni 150,000. Yaani michango ya watu kwa wafiwa ikatumika kuondoa taka ya Bodi. Fedha hizo zilirejeshwa mwaka 1997 na Ron Davies, aliyekuwa Waziri wa Wales wakati huo, shilingi kwa shilingi bila ya nyongeza ya miaka 29. Mwaka 2007 serikali ya Wales ikatoa pauni milioni 2 kwa taasisi za hisani za Aberfan, kwa nia ya kufidia pengo hilo.

Mwaka 1969 ilipitishwa sheria ya vifusi vya migodi. Kwa mara ya kwanza mwenye mgodi akalazimishwa na sheria kuhakikisha kifusi chake kimesimama imara, kukikagua, na kuweka kumbukumbu. Kisha likatokea jambo ambalo mtunzi wa hadithi asingethubutu kulibuni. Serikali ilipotaka mtu wa kuongoza kamati ya kuangalia upya sheria zote za usalama makazini, ilimteua Lord Robens huyo huyo. Ripoti yake ya mwaka 1972 ndiyo iliyozaa Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya mwaka 1974, ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa mambo haya Uingereza. Na katika sheria hiyo mna kifungu kinachomtaka kila mwajiri asiwahatarishe hata wale wasiokuwa wafanyakazi wake: mpita njia, mkaazi, mtoto wa skuli ya jirani. Mtu anaweza kununa kwa jina la aliyeiongoza kamati, lakini kifungu ni kizuri na kinatufaa.

Tumelitaja hilo kwa sababu ya wale wazazi wa mlango wa skuli tuliowataja mwanzo. Ile bembea, ule ua na lile dirisha leo vina mwenye dhamana kwa mujibu wa sheria, jambo ambalo kifusi cha 7 hakikuwa nalo. Kazi ya kwanza ya anayelalamika ni kumjua huyo ni nani. Bustani ni ya halmashauri, ua wa reli ni wa shirika la reli, ngazi za jengo ni za mwenye jengo. Kumwambia mlinzi wa zamu, au dereva, au mwalimu uliyekutana naye njiani, ni kuipeleka barua mahali isipokuwa na meza.

Kazi ya pili ni maneno yenyewe. Kina mama wa Aberfan waliandika juu ya maji, kwa kuwa maji ndiyo waliyoyaona, na wakubwa wakalihesabu kuwa ni lalamiko la maji. Mhandisi aliandika tope, akajibiwa tope. Sisi tunapendelea mtu aandike yote mawili, kile anachokiona na kile anachokiogopa: mnyororo umelika pingu mbili, na mtoto ataanguka. Aulize swali linalohitaji jibu, nani atakuja kutazama na siku gani. Aweke tarehe, abaki na nakala, na siku ile isipofika mtu, aandike tena akiitaja barua ya mwanzo. Kiingereza chake kikiwa cha kuombea maji, si neno. Mtoto wa skuli atamsaidia, na picha ya simu haina lugha.

Na lipo jambo ambalo wengi wetu hawalijui, au wameambiwa kinyume chake. Diwani ni wa kila mkaazi wa kata yake, awe na pasipoti yoyote. Zaidi ya hapo, Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda anayeishi Uingereza kihalali, kwa kuwa nchi zao zimo katika Jumuiya ya Madola, ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura hata kama hajapata uraia. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Oman hawana haki hiyo katika uchaguzi wa Bunge la Uingereza, lakini ya kumwendea diwani wanayo. Wapo wazee katika jamii yetu waliokaa hapa miaka 20 wakiogopa barua ya halmashauri kama vile ni barua ya polisi, ilhali diwani anaijua fika hesabu ya kura za mtaa wao.

Bado kuna sehemu moja ya hadithi hii. Mgodi wa Merthyr Vale ulifungwa mwaka 1989, na ile migodi mengine ya mabondeni ikafungwa mmoja mmoja. Sheria ya 1969 ilimbana mwenye mgodi unaofanya kazi. Kwa vifusi vilivyoachwa iliwapa halmashauri uwezo wa kuingilia kati, bila ya kuwalazimisha kwenda kuvikagua. Migodi ikafa, vifusi vikabakia vimeota majani, na mtu asiyejua angedhani ni vilima alivyoviumba Mungu. Mwezi wa Februari 2020, baada ya mvua za dhoruba iliyoitwa Dennis, kifusi cha zamani kiliporomoka huko Tylorstown, bonde la pili kutoka Aberfan. Hakuumia mtu. Ndipo ikaanza kazi ya kuvihesabu, na ikaonekana Wales peke yake ina vifusi vilivyoachwa zaidi ya 2,500, na zaidi ya 350 kati yao vimewekwa katika madaraja yanayohitaji kuangaliwa kwa karibu. Mwezi wa Novemba 2024 kikaanguka chengine huko Cwmtillery, tope likaingia mpaka majumbani. Mwaka 2025 Bunge la Wales likapitisha sheria ya kuunda mamlaka maalumu ya kuvisimamia.

Serikali ya Wales imeweka pia nambari ya simu kwa ajili ya vifusi. Mkaazi yeyote anaweza kupiga akaona maji yanatoka pahala ambapo jana hayakuwapo, au ufa juu ya nyasi, au ua ulioinama, na anayepokea simu hiyo ameajiriwa kuipokea.